Wosia wa Mbatian: Kisakale cha Mtawala wa Zama za Vita na Hatima ya Bonde la Ufa

Makala haya yanachunguza kisakale kifupi kinachosimulia kifo cha Mbatian wa Supet, oloiboni mkuu wa Wamaasai, aliyefariki yapata mwaka 1890. Kisakale hicho kilichapishwa mwaka 1905 katika kitabu cha A. C. Hollis kuhusu lugha na simulizi za Wamaasai. Tangu hapo kimefupishwa na kusimuliwa upya mara nyingi, na karibu kila mara kwa sababu moja tu: kinafanana na kisa cha Yakobo na Esau. Yanayodaiwa hapa ni kwamba ufanani huo, ingawa ni wa kweli, umewapumbaza wasomaji. Umewafanya wasione kuwa kiini cha kisakale si ndugu wawili bali ni ardhi, na kwamba maneno ya kwanza anayoyatamka mzee anayekufa ni ya kuwakataza watu wake wasihame.

Mbatian aliishi katika karne ambayo mtu yeyote anayezifahamu tarihi za Japani ya karne ya 16 angeitambua mara moja kuwa ni zama za vita. Makundi ya Wamaasai na jamaa zao yalipigania malisho na maji kwa miongo mingi katika uwanda wa kati wa Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Nakuru na kupanda Laikipia na Uasin Gishu. Wamaasai wa Uasin Gishu walisambaratishwa. Katika miaka ya 1870 ikafika zamu ya Ilaikipiak, kundi lenye nguvu lililotamba kaskazini, ambalo lilivunjwa na muungano wa Ilpurko na Ilkisongo. Mbatian hakuwa jemadari wa muungano huo kwa maana ya kushika mkuki. Kazi yake ilikuwa kutabiri, kuwapa morani dawa na baraka za vita, na kuyaunganisha makundi ambayo bila yeye yasingekubaliana. Yeye mwenyewe aliishi kusini, Matapato, mbali na Nakuru ambako vita hivyo viliacha kovu lake kubwa kabisa.

Hapa yafaa neno 'mtawala' litumiwe kwa hadhari. Oda Nobunaga, aliyeishi kati ya 1534 na 1582, alikuwa na ngome pale Azuchi, makabaila waliomtii, mashamba yaliyopimwa na kodi iliyokusanywa. Mbatian hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Alikuwa na ng'ombe wengi aliopewa zawadi, ukoo ulioogopwa wa Inkidong'i, na kibuyu cha mawe ya ramli. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee pamoja na wasemaji wa marika, yaani ilaiguenak. Mwanahistoria John Berntsen, katika utafiti wake wa miaka ya 1970, ameonyesha jinsi mamlaka ya maoloiboni yalivyotegemea uhusiano wao na marika ya morani, na jinsi yalivyopanda na kushuka kadiri vita vilivyofaulu au kushindwa. Kwa hiyo anayemwita Mbatian mfalme anasimulia hadithi nyingine kabisa, na hadithi hiyo, kama itakavyoonekana, ilikuwa na wateja wake.

Kisakale chenyewe ni chepesi. Mbatian anapohisi kifo kimekaribia anawaita wazee wa Matapato na kuwaambia wasiihame nchi yao. Wakibaki, atawaletea ng'ombe kutoka mbinguni. Wakihama, ndui itawaua, mifugo yao itakwisha, nao watapigana na adui mwenye nguvu na kushindwa. Kisha anawaagiza wamtii yule mwanawe atakayempa vifaa vya uoloiboni. Baada ya wazee kuondoka anamwita mwanawe mkubwa Sendeyo na kumtaka aje asubuhi avipokee. Lenana, ndugu mdogo, amejificha katika zizi la ndama na anasikia kila neno. Alfajiri anawahi kuingia kwa baba yake. Mzee ana jicho moja tu, nalo limefifia, basi anamkabidhi Lenana rungu la chuma, pembe, kibuyu, mawe na mkoba, na kumbariki awe mkuu juu ya ndugu zake. Sendeyo anafika akiwa amechelewa. Anaapa kuwa hatamtii mdogo wake na kwamba atapigana naye hadi amuue. Watu wanagawanyika. Magonjwa yanawaangukia wa upande wa Sendeyo, ng'ombe wao wanakufa, na Wajerumani wanawashinda. Wa upande wa Lenana wanaokoka na kupata ng'ombe kama alivyotabiri marehemu. Mwaka 1902 Sendeyo anakuja kwa nduguye kuomba amani.

Ni rahisi kuona kilichowavutia wasomaji wa Biblia. Mwaka mmoja tu kabla ya Hollis, Mjerumani Moritz Merker alikuwa amechapa kitabu kikubwa akidai kuwa Wamaasai wana asili moja na Waisraeli wa kale. Mazingira yalikuwa tayari kumpokea Yakobo mwingine. Hata hivyo, msomaji anayeziweka matini mbili bega kwa bega ataona kwamba zinatofautiana palepale panapohesabika. Katika Mwanzo, mama ndiye mpanga njama. Katika kisakale cha Mbatian hakuna mama. Katika Mwanzo kuna chakula, mavazi ya kuazima na ngozi ya mwanambuzi ya kumghilibu kipofu kwa kupapaswa. Hapa hakuna kujigeuza sura hata kidogo: Lenana anashinda kwa kusikia na kwa kuamka mapema. Katika Mwanzo kinachoibwa ni maneno ya baraka, ambayo yakishatoka kinywani hayarudi. Hapa kinachoibwa kwanza ni vitu vinavyoshikika, na baraka hufuata. Na zizi la ndama si pambo. Katika nyumba ya Mmaasai ndama wachanga hulala ndani pamoja na watu, hatua chache kutoka kitandani. Mtambaji aliyemweka Lenana pale alimweka mahali ambapo hadhira yake ilipajua kwa harufu na kwa sauti. Kama kuna deni kwa misheni katika usimulizi huu, na linawezekana, basi limelipwa kwa sarafu ya nyumbani.

Tofauti kubwa zaidi ni ile ya mwanzo. Isaka hawaiti wazee. Mbatian anaanza na umma, na agizo lake la kwanza linahusu mahali: msihame. Suala la mrithi linakuja baadaye, kama njia ya kulitekeleza agizo hilo. Wanaokisoma kisakale kama ngano ya ndugu wawili hulitupa agizo hili kana kwamba ni utangulizi tu, ilhali ndilo linaloamua nani atakufa na nani atapona mwishoni.

Sasa itazamwe tarehe. Kitabu kilichapishwa mwaka 1905. Mnamo Agosti 1904 Lenana, akitambuliwa na Waingereza kuwa mkuu wa Wamaasai wote, alikuwa ametia alama katika mkataba ulioyaondoa makundi ya Wamaasai kutoka Bonde la Ufa la kati, yaani nyanda za Naivasha na Nakuru, na kuyapeleka Laikipia na katika hifadhi ya kusini. Reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900, na walowezi walikuwa wakiitaka ardhi iliyopitiwa na reli hiyo. Hollis alikuwa afisa wa utawala. Aliyeandika dibaji ya kitabu chake ni Charles Eliot, yule yule ambaye, akiwa Kamishna wa Himaya hadi mwaka 1904, alishikilia kwa nguvu kuliko wengi kwamba bonde hilo liwe nchi ya Wazungu. Si lazima kumshuku Hollis kuwa alibuni lolote. Alikuwa mkusanyaji makini, na fasihi simulizi ya Wamaasai inamdai shukrani. Lakini kisakale kilimfikia katika wakati ambapo upande mmoja wa ndugu wawili ulikuwa umeshinda na ulikuwa karibu na ofisi za serikali.

Ndipo 'ng'ombe kutoka mbinguni' wanapopata maana. Sotoka ilikuwa imefyeka mifugo karibu yote mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ndui ikafuatia kwa watu. Lenana aliegemea Waingereza. Richard Waller, katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu uhusiano wa Wamaasai na Waingereza kati ya 1895 na 1905, ameeleza jinsi morani walivyofuatana na misafara ya kijeshi ya Waingereza dhidi ya jirani zao na kulipwa sehemu ya mifugo iliyotekwa. Kwa njia hiyo mifugo ikarejea. Kisakale kinaufanya muungano huo wa kisiasa uwe utimilifu wa unabii: ng'ombe walitoka juu kwa sababu watu walibaki na mrithi halali. Huu ni ufundi mkubwa wa utambaji, na ni siasa pia.

Kinachoshangaza ni kwamba upande ulioshinda haukuuficha wizi. Mtambaji angeweza kusema kwamba Mbatian alimchagua Lenana waziwazi. Badala yake anatupa zizi la ndama na jicho lililofifia. Mtu anaweza kujibu kwamba katika ngano zetu werevu si aibu, na kwamba Sungura hahukumiwi. Jibu hilo halitoshi. Sungura hadai utiifu wa taifa. Yaelekea zaidi kwamba dai la Sendeyo lilikuwa linajulikana mno kiasi kwamba halikuweza kufutwa, na kisakale kililazimika kulibeba ndani yake. Sauti ya aliyeshindwa imo katika hadithi ya mshindi, na ndiyo inayoipa uhai. Bila Sendeyo aliyechelewa kufika, pangebaki orodha ya warithi tu.

Wosia wa mtawala wa zama za vita ni utanzu wa fasihi wenye kanuni zake, na kanuni ya kwanza ni kwamba wosia huo hutungwa na waliobaki hai. Tokugawa Ieyasu, aliyezimaliza vita vya Japani na kufariki mwaka 1616, ananasibishwa na wosia mashuhuri ambao wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba ni tungo la baadaye. Katika fasihi ya Kiswahili uko mfano wa aina nyingine. Abdallah bin Hemedi katika 'Habari za Wakilindi' ameeleza jinsi Usambara ilivyoingia katika mapigano baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai, na alieleza akiwa ameishi karibu na waliohusika. Tippu Tip, kwa upande wake, hakumwachia mtu. Alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, akayapamba alipotaka na kunyamaza alipotaka, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Msomaji wa wasifu huo anajua nani anasema na kwa nini. Mbatian hakuwa na Abdallah wala hakuwa Tippu Tip. Yaliyobaki ni kurasa chache zilizochapishwa miaka 15 hivi baada ya yeye kufa. (Katika bonde hilohilo, Lord Delamere, aliyepewa ardhi Njoro na baadaye kuwa na Soysambu kando ya Elmenteita, aliandikiwa na Elspeth Huxley wasifu wa juzuu mbili mwaka 1935, miaka minne tu baada ya kufariki. Huyo alikuwa kabaila kwa cheo hasa.)

Kanuni hiyo ya wosia inathibitika zaidi mwaka 1911. Kufikia wakati huo serikali ilitaka Laikipia pia, ingawa mkataba wa 1904 uliahidi kwamba Wamaasai wangekaa huko maadamu wapo kama taifa. Lenana alifariki Machi 1911. Maafisa wa serikali waliripoti kwamba akiwa kitandani pa mauti aliwausia watu wake waitii serikali na waondoke Laikipia waende kusini. Mwezi uliofuata mkataba wa pili ulitiwa alama, na aliyewekwa mahali pa marehemu alikuwa mwanawe Segi, kijana ambaye hakuwa na wakati wa kupata heshima yake mwenyewe. Lotte Hughes, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kuhamishwa kwa Wamaasai, ametilia shaka mengi katika kumbukumbu hizo rasmi.

Mhakiki wa fasihi hahitaji kuamua kama Lenana alisema maneno hayo au hakuyasema. Inatosha kuona umbo lake. Mzee anakufa, anausia, mrithi anathibitishwa, na agizo linahusu mahali. Ni kisakale cha Mbatian kilekile, ila kimegeuzwa tumbo juu. Baba alisema msihame. Mwana anasemeshwa hameni. Anayeuota ugeuzaji huo ana kitabu cha 1905 mezani kwake, au amekulia katika masimulizi yaleyale, na anajua kwamba kwa hadhira hii kauli ya oloiboni anayekufa ina uzito kuliko barua ya gavana. Utanzu ulitekwa pamoja na ardhi.

Ilaikipiak walikuwa wamekwisha kuvunjwa. Waliokuwa Laikipia mwaka 1911 wengi wao walikuwa Ilpurko, na msemaji wao Legalishu aliupinga uhamisho huo. Kesi ilifunguliwa. Mwaka 1913 mahakama iliitupa kwa hoja kwamba mikataba ilikuwa kati ya mataifa mawili yenye mamlaka, hivyo mahakama ya nchi haikuwa na uwezo wa kuiamua. Msomaji wa kisakale atasita hapa. Mtu mwenye mamlaka juu ya Wamaasai wote, ambaye hakuwahi kuwepo katika maisha ya Mbatian, alihitajika ili pawepo na mkono wa kutia alama. Na alipokwisha kutia alama, ukuu wake huohuo ukawa sababu ya kuwafungia mlango waliolalamika. Ufalme uliotungwa katika simulizi ulisomwa na majaji kama ukweli wa kisheria.

Majina ya mahali yanasimulia kwa namna tofauti. Halford Mackinder alipofika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899, alikipa jina la Batian. Leo vilele vya Lenana na Sendeyo viko chini yake, baba juu na wana chini, kana kwamba ukoo mzima umechongwa katika jiwe. Cha Lenana hupandwa na watalii bila kamba. Hayo ni majina ya mtu aliyekuja kwa darubini na ramani, na yanafuata mantiki ya wasifu: mtu mmoja, mrithi mmoja, mpinzani mmoja.

Menengai, kreta inayoinama juu ya mji wa Nakuru, ina mantiki nyingine. Jina lake huhusishwa na neno la Kimaasai la wafu, na simulizi inayosikika hadi leo ukingoni mwake inasema kwamba Ilpurko waliwasukuma Ilaikipiak wakaporomoka humo. Mvuke unaofuka kutoka kwenye nyufa ni roho za morani zinazotafuta njia ya kupanda mbinguni. Wakikuyu, waliofika baadaye, walipaita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, na hivyo wakauendeleza uoga uleule kwa lugha yao. Katika simulizi hii Mbatian hayumo. Hamna oloiboni, hamna wosia, hamna mrithi. Kuna kundi lililoanguka, na waliolisukuma hawatajwi majina. Mwanahistoria atauliza kama vita vilimalizikia hapo kweli au katika mapigano mengi yaliyotawanyika. Swali hilo ni halali, lakini halipunguzi nguvu ya simulizi. Kisakale cha Hollis kinauliza nani atawale baada ya vita. Menengai inauliza walioanguka walikwenda wapi, na jibu lake ni kwamba bado wamo. Tangu mwaka 2011 visima vya mvuke vimechimbwa ndani ya kreta kwa ajili ya umeme, na roho hizo sasa zinapitishwa kwenye mabomba.

Ni jambo la kuzingatia kwamba simulizi ya Menengai imehifadhiwa na watu wa Nakuru ambao wengi wao si Wamaasai. Wamaasai walihamishwa, simulizi yao ilibaki. Fasihi simulizi mara nyingi huelezwa kuwa mali ya jamii fulani, kana kwamba inasafiri na wenyewe popote waendapo. Hapa imegandamana na mwamba, na kila anayefika anaikuta na kuirithi, awe mkulima wa Bahati au mwenye duka wa mjini.

Linabaki suala la Sendeyo. Kisakale kilichochapishwa kinamwacha akiomba amani mwaka 1902, na kwa mujibu wa matini hiyo maisha yake ya kisiasa yamekwisha. Ardhi haikukubaliana na matini. Maoloiboni wa ukoo wake, ambao huko hutamka jina lake Senteu, wameendelea kuheshimiwa Loita, kusini mwa Narok, kizazi baada ya kizazi. Katika miaka ya 1990, baraza la wilaya ya Narok lilipotaka kuugeuza msitu wa Naimina Enkiyio kuwa hifadhi ya watalii, Waloita waliupinga mpango huo wakiwa na oloiboni wao mbele, wakaunda amana yao na kwenda mahakamani. Wale walioandikwa kuwa waliadhibiwa kwa kumfuata mwana asiye na kibuyu hawakuhama.